Konokono wadogo kwenye tangi la samaki: tuanze na chakula kabla ya sumu

Mwenye tangi la samaki wa mapambo akiamka na kukuta konokono wadogo wametapakaa kwenye kioo, hupewa ushauri wa aina mbili: atie dawa ya kuwaua, au anunue konokono muuaji awale wenzake. Njia zote mbili hufanya kazi, lakini hakuna hata moja inayouliza konokono hao wanakula nini.

Wageni hawa ni wa aina tatu hasa: Physella mwenye gamba jembamba la kahawia, wale bapa waliojiviringa kama sarafu, na Melanoides mwenye gamba refu anayejichimbia mchangani. Wengi huingia na mimea wakiwa bado mayai ndani ya ute usioonekana kwa urahisi. Physella mmoja, bila dume wala jike mwenzake, anaweza kuanzisha kizazi kizima, na Melanoides hali kadhalika. Ndiyo maana kuwaokota mmoja mmoja hakumalizi kazi. Kinachoamua idadi yao ni chakula: punje zilizozama, majani yanayooza, mwani. Tangi lenye konokono mia tatu ni tangi linalolishwa kupita kiasi, na hata wakifa wote leo, masalio yaliyowalisha yataendelea kuchafua maji.

Kwa hiyo punguza. Toa kile tu ambacho samaki watakimaliza ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki usiwape kitu. Nyonya uchafu wa chini kwa bomba la mpira kila unapobadilisha maji. Jioni zamisha jani la mchicha lililochemshwa kidogo, asubuhi litoe pamoja na konokono waliolikusanyikia. Baada ya wiki kadhaa watabaki wachache, na hao ni wa kuwaacha: wanakula masalio na majani yaliyokufa, na Melanoides hugeuza mchanga usigande. Melanoides wakipanda juu mchana kwa wingi, kagua hewa na maji mara moja.

Hatari ya dawa haielezwi vya kutosha. Nyingi zina shaba. Katika tangi la lita 60, konokono mia kadhaa wakifa kwa usiku mmoja, wengi wao hufia mchangani usikoweza kuwafikia. Wanaoza, amonia inapanda, na samaki walionusurika na dawa wanaanza kuhemea juu ya maji. Anayelazimika kuitumia aokote maiti kila baada ya saa chache na kubadilisha theluthi ya maji kila siku. Hata hivyo, shaba hushikamana na kokoto, na kamba wadogo utakaowaweka baadaye wanaweza kufa bila wewe kujua sababu.

Konokono muuaji, Anentome helena, ni chaguo la heshima zaidi. Wanne au watano wanatosha lita 60, mradi kuna mchanga laini wa kujifukia. Huzaa polepole, yai moja moja, hivyo hawafuriki. Lakini kazi yao huchukua miezi, mwani hawaugusi, na wakikosa mawindo humgeukia hata konokono uliyemnunua kwa bei.

Huyo wa bei mara nyingi ni nerite, fundi wa kweli wa mwani. Mmoja kwa kila lita 20 hukwangua madoa ya kijani na utando wa kahawia kwenye kioo. Nyuzi ndefu na maji ya kijani si kazi yake. Hayo yanatibiwa kwa kupunguza taa hadi saa sita au saba kwa siku. Anahitaji maji magumu kiasi, yaani yenye madini, na pH (kipimo cha asidi) juu ya 7, la sivyo gamba huliwa na maji. Hazaliani kwenye maji yasiyo na chumvi, ila huacha mayai, vidoa vyeupe vigumu, kila mahali.

Utetezi wangu una mpaka. Konokono wa mtoni, bwawani au kandoni mwa Ziwa Victoria wasiingie nyumbani. Biomphalaria, mwenyeji wa kichocho, ni bapa kama yule wa dukani, na gamba la Bulinus, mwenyeji mwingine wa kichocho, hujipinda kushoto kama la Physella. Kwa macho huwezi kuwa na uhakika, na aliyeambukizwa huendelea kutoa viluwiluwi vya kichocho majini unamotia mkono.

Wala ziada isimwagwe mtaroni. Pomacea canaliculata, konokono mkubwa aliyesambazwa duniani pia na biashara ya matangi, aliripotiwa mwaka 2020 kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya, akila miche. Konokono usiowahitaji waweke kwenye friza usiku kucha, kisha wazike.