Sikuwa na Dawa Kiganjani: Maelezo Rasmi Kuhusu Tukio la Igombe

Kwa kuwa rafiki yangu, bwana harusi mtarajiwa, ameona vyema kutuma ujumbe wa sauti katika kila kundi la WhatsApp ambamo mimi na yeye tumo, na kwa kuwa ujumbe huo umekwisha kuvuka kwa kivuko cha Kamanga na kunirudia kutoka Sengerema ukiwa na nyongeza ambazo hata yeye mwenyewe hakuzisema, ninalazimika kuyaandika mambo haya kama yalivyokuwa. Sikwenda ukweni kwake, kule Igombe, na dawa kiganjani. Sikuvaa hirizi. Sikumlilia mama yangu mbele ya wakwe za watu. Nilimtaja tu, tena mara moja, kwa sauti ambayo mtu mwenye haki angeiita ya wastani.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi ni katibu wa kudumu. Kwetu Mabatini, jijini Mwanza, mwenye kompyuta mpakato ndiye katibu wa kila kamati, iwe ya msiba, ya kipaimara au ya posa, na cheo hicho hakina posho. Kompyuta yenyewe ni mtumba: bodi yake, yaani ganda la nje, ni ya alumini, inang'aa hasa, na ukiiweka mezani watu hukaa vizuri kwenye viti vyao. Betri yake ilikwisha kufa kabla sijaimiliki, hivyo haiwaki bila chaja, na chaja niliyopewa pamoja nayo ina plagi ya pini mbili. Soketi zetu, kama mjuavyo, zina matundu matatu, na lile la juu, la ethi, yaani la waya wa kwenda ardhini, ndilo linalofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini. Kwa hiyo nami hufanya kama wafanyavyo Watanzania wenzangu: huchomeka kifuniko cha kalamu katika tundu la ethi, vizuizi vikafunguka, pini mbili zikaingia, maisha yakaendelea.

Dalili zilikuwapo, sikatai. Nikipitisha kidole taratibu juu ya mfuniko wake nikiwa nimeichomeka, nilihisi mtetemo laini, kana kwamba alumini ile imeota vinyweleo. Nikiwa pekupeku sakafuni, viganja vilinichonyota pale vinapogusa ukingo. Nikivaa kandambili, hakuna kitu. Kutokana na utafiti huo nilifikia hitimisho kwamba mashine yangu ina nguvu nyingi kuliko za wenzangu, na kwamba kandambili ni sehemu ya vifaa vya ofisi. Mnaocheka hapo, subirini kwanza. Bado hatujafika Igombe.

Igombe tulifika asubuhi, wakati dagaa wameanikwa na harufu yake imetanda hadi barabarani. Upande wetu aliongoza mshenga, mzee mwenye maneno matamu na koti zito lisilojali jua. Bwana harusi alikaa nyuma akiwa ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Mimi nilivaa tai na viatu vya soli nene ya raba, nikiwa na mashine yangu mapajani. Upande wao alizungumza babu yake binti, mvuvi wa zamani aliyevua dagaa kwa karabai tangu enzi ambazo taa za sola hazijafika ziwani. Yeye alikaa kwenye kigoda, miguu mitupu, juu ya sakafu ya saruji ambayo wajukuu walikuwa wametoka kuipiga deki kwa ajili yetu, na maji yalikuwa hayajakauka. Ikumbukeni sakafu hiyo.

Mazungumzo ya mahari ya Kisukuma hayana haraka. Ng'ombe mmoja anaweza kujadiliwa tangu pembe hadi mkia, kisha akaachwa, kisha akarudishwa akiwa ameongezewa ndama. Kila walipokubaliana nilimwingiza ng'ombe husika katika jedwali, kila mmoja na safu yake: mitamba huku, madume kule, thamani yake kwa shilingi pembeni. Nilitaka hata kuwaonyesha wazee jinsi jumla inavyojijumlisha yenyewe. Tulipofika ng'ombe 14, mshenga alinikonyeza kwamba hapo panatosha, chakula kikaletwa, tukala ugali kwa sato, na shangazi wa binti akapita na jagi na beseni kutunawisha mikono. Vigoda vyote vilikuwa vimejaa sahani, hivyo mashine ilibaki mapajani pangu, imechomekwa ukutani kwa ekstensheni, na kifuniko cha kalamu kikiwa mahali pake.

Babu akanawa. Akakung'uta mikono, matone yakaanguka miguuni pake. Akasema, "Mjukuu wangu, wewe uliyeandika, nipe mkono wako, maneno yamekwisha."

Adabu inataka kijana anapompa mzee mkono wa kulia, mkono wa kushoto uushike ule wa kulia karibu na kiwiko. Ninalijua hilo tangu utotoni. Lakini nilipoinama mbele kwa heshima, mashine ilianza kuteleza magotini, nami nikaishika barabara kwa mkono wa kushoto, kiganja kizima juu ya alumini. Mkono wa kulia nikaunyoosha. Kidole cha babu, kile cha kati, kirefu kuliko vyote, kibichi kwa maji, kikaanza kuja.

Naomba kidole hicho kibaki hewani kidogo, maana hapa ndipo fundi wangu wa umeme alipoingilia nilipomsimulia baadaye, na maelezo yake ndiyo utetezi wangu wote. Ndani ya chaja ya laptopu kuna upande wa umeme wa ukutani, kwetu volti 230, na upande wa umeme mdogo unaoingia kwenye mashine. Pande hizo mbili zimetenganishwa, lakini kati yake huwekwa kapasita ndogo ya kutuliza makelele ya umeme yanayotokana na chaja kujiwasha na kujizima maelfu ya mara kwa sekunde. Kapasita hiyo hupenyeza umeme kidogo sana. Chaja yenye waya wa ethi huupeleka umeme huo ardhini, usijulikane ulikotokea. Chaja ya pini mbili haina pa kuupeleka, hivyo unakaa kwenye bodi ya chuma ukisubiri mtu, na ukipima kwa mita unaweza kukuta karibu nusu ya volti za ukutani, yaani 115 hivi. Volti zinatisha, lakini umeme unaoweza kupita ni haba: kwa chaja iliyotengenezwa kwa viwango, kikomo chake ni robo ya miliampia. Hauui mtu. Kiganja kizima kinaweza kukosa kuuhisi, ila ncha ya kidole chenye maji, kikigusa kwa wepesi, inausikia wote kwa pamoja mahali pamoja.

Sasa utazameni mpangilio ule. Mimi nimeishika bodi kwa kiganja kizima, nikiwa juu ya soli za raba, sihisi lolote; umeme umenijaa hadi kwenye tai na hauna pa kutokea. Babu yuko pekupeku juu ya saruji yenye maji. Kilichokosekana kati ya kapasita ile na ardhi ya Igombe ni mtu mmoja mwenye mkono mbichi wa kunisalimia.

Kidole kikafika.

Hakikunishika, kilinigusa tu, ncha kwa ncha, na papo hapo nilihisi kitu kinachonichoma katika kidole changu, nikaona nyusi za babu zikipanda, zikafika mahali ambapo kwa kawaida nywele huanza, zikabaki huko. Alirudisha mkono. Hakusema neno. Aliutazama mkono wake upande wa mbele na upande wa nyuma, kisha akautazama wangu, kisha akanitazama usoni kwa muda ambao mimi niliutumia kutabasamu. Yule ni mzee aliyekabili mawimbi ya Nyanza usiku wa giza, wala hakuwa tayari kushindwa na katibu. Akaunyoosha mkono tena, safari hii polepole, kidole kimoja kimetangulia, macho hayabanduki machoni mwangu. Nami, kwa kuwa mzee hanyimwi mkono, nikampa. Mkono wa kushoto bado uko palepale juu ya alumini.

Cha pili kilikuwa kikali zaidi, labda kwa sababu sote wawili tulikuwa tunakingoja. Babu akasema "Hii!" na kuruka kutoka kwenye kigoda, mimi nikamtaja mama yangu kama nilivyokwisha kueleza, na shangazi aliyekuwa amesimama na beseni akauliza swali ambalo bwana harusi ameligeuza kuwa wimbo: "Amepakaa nini mikononi huyo?"

Baraza zima likanyamaza. Nilisikia mafuta ya sato wa mwisho yakichemka jikoni. Mzee mmoja wa upande wao akavuta kigoda chake nyuma, kisha na wa pili, kwa utaratibu, kama wanaohama bila kutaka kuonekana. Nilitaka kueleza, lakini sentensi yangu ya kwanza ilikuwa "Babu, si mimi, ni nguvu iliyomo ndani yangu," na ninakubali kwamba kwa mazingira yale haikusaidia. Shangazi, mwanamke jasiri, aliweka beseni chini akaja kunipokonya ile laptopu aliyodhani nimefichia vitu. Naye alikuwa pekupeku. Naye alikuwa na maji mikononi. Aligusa pembe ya mfuniko kwa vidole viwili, akatoa ukelele uliowatoa watoto wa jirani, na beseni alilolikanyaga akirudi nyuma likamwaga maji yote ya kunawa kuelekea kwenye ekstensheni.

Hapo bwana harusi, ambaye siku nzima hakuwa amesema kitu, alinyanyuka kwa kasi ya mtu anayeona ndoa yake ikienda na maji, akachomoa waya ukutani. Alifanya vema. Ila betri ilikwisha kufa, kama nilivyosema, na jedwali sikuwa nimelihifadhi.

Kioo kikawa cheusi. Ng'ombe 14 wakapotea bila hata vumbi.

Yaliyofuata ni mafupi. Mshenga aliomba radhi kwa methali nyingi. Babu alirudi kwenye kigoda chake, akaomba mkono wangu kwa mara ya tatu nikiwa mbali na mashine, akaukamua kama anayepima mtama, akaridhika. Kisha akawaambia watu wake kwamba ujanani aliwahi kuvua Ziwa Tanganyika, na huko kuna kambare anayepiga watu shoti ukimgusa nyavuni. Alichokuwa hajui ni kwamba siku hizi wanavaa tai. Watu wakacheka, hata shangazi akacheka, nami nikacheka kuliko wote kwa kuwa sikuwa na namna. Mahari ikajadiliwa upya tangu mwanzo, kwa daftari la shule na kalamu ambayo, kwa kejeli ya mambo, ilikosekana kifuniko chake mpaka walipokitoa kwenye soketi. Tulimaliza jua likizama. Safari hii walifika ng'ombe 16.

Hao wawili walioongezeka ndio chanzo cha ujumbe wa sauti. Bwana harusi anadai ni wangu. Mimi ninashikilia kwamba kikao cha pili kilikuwa kikao halali na mshenga alikuwapo.

Fundi alikuja nyumbani kesho yake akiwa na tesita. Aliigusisha kwenye bodi ya alumini, kitaa kikawaka ndani ya mpini. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyechelewa. Sasa nina chaja yenye plagi ya pini tatu na waya wa ethi wa kweli, na tesita haiwaki tena. Alikagua pia ethi ya nyumba yenyewe, kwa kuwa mlimani kwetu ni mawe matupu na vyuma vingi vya ethi huishia kufukiwa kiasi cha kumridhisha mwenye nyumba tu. Changu kilipata upenyo kati ya majabali mawili na kinafanya kazi. Aliniambia pia kwamba wenye chaja za bandia wasijifariji na robo ya miliampia, kwa kuwa kapasita isiyo ya aina inayotakiwa ikiharibika inaweza kuruhusu umeme wa ukutani upite wote, na hapo hakuna mzee atakayebaki wa kusimulia habari za kambare. Ukiona mashine yako inauma badala ya kuchonyota, ichomoe kwanza.

Kijiweni bodaboda wananiita Transfoma, na mmoja hukataa kupokea nauli yangu mkononi mpaka niiweke kwenye siti.

Harusi ni Desemba, Mungu akipenda. Kamati imegawa majukumu upya: daftari la michango lina katibu mwingine, muziki na maikrofoni vina watu wake, na mimi nimepangiwa kuelekeza magari mahali pa kuegesha, nje ya uzio, ng'ambo ya barabara.