Ramani ya kipokezi cha oksitosini inathibitisha nini?

Picha za ubongo wa voli zilizochapishwa mwaka 1992 na Thomas Insel na Lawrence Shapiro zimebebeshwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Voli ni wanyama wadogo wa jamii ya panya. Wale wa nyanda za nyasi za Amerika ya Kaskazini wakishapata mwenzi hukaa naye, dume na jike wakalea watoto pamoja. Ndugu zao wa milimani hujamiiana, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Watafiti walikata ubongo wa kila aina vipande vyembamba, wakaviwekea kemikali yenye mnururisho inayonasa kwenye kipokezi cha oksitosini, yaani protini inayoipokea homoni hiyo, kisha wakavilaza juu ya filamu. Palipo na vipokezi vingi pakaacha weusi, na hiyo ndiyo ramani yenyewe. Kwa voli wa nyanda, weusi ulikolea kwenye nukliasi akumbensi, sehemu inayohusika na raha na hamasa. Kwa wale wa milimani ulikuwa hafifu hapo, ukakolea kwenye septamu ya pembeni, sehemu nyingine ya ubongo. Protini ileile, homoni ileile, mpangilio tofauti. Hapo ndipo magazeti yalipopata "homoni ya mapenzi" yao.

Wanaoitetea ramani hii wana hoja nzito, kwa sababu hawakuishia kwenye picha. Mwaka 2001 dawa ya kuziba kipokezi hicho ilipodungwa kwenye akumbensi ya majike wa nyanda, hawakuonyesha tena kumpendelea mwenzi wao. Mwaka 2009 virusi vilivyobeba jeni ya kipokezi vilitumika kuongeza protini hiyo mahali hapohapo, na majike wakashikamana na mwenzi haraka zaidi. Ukiziba, tabia inatoweka, ukiongeza, inaharakishwa. Si rahisi kuyaita hayo sadfa.

Ila jaribio hilohilo la 2009 lilikuwa na upande wa pili, ambao hausimuliwi sana. Vipokezi viliongezwa pia kwa voli wa aina nyingine, wasioshikamana na mwenzi mmoja, na wao hawakubadilika. Kujaza rangi mahali palipo patupu kwenye ramani hakukutosha.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2023. Timu za Devanand Manoli wa San Francisco na Nirao Shah wa Stanford zilitumia CRISPR, mbinu ya kuhariri jeni, kuzalisha voli wa nyanda wasio kabisa na kipokezi kinachofanya kazi. Walipata wenzi na kushikamana nao. Majike walizaa, na wakanyonyesha, ingawa watoto wengi zaidi hawakufika umri wa kuachishwa. Wapo waliosema basi, hadithi imekwisha.

Mimi sikubaliani nao, japo nakiri matokeo hayo yamewaumbua waliosoma ramani kana kwamba ni hati ya hukumu. Mnyama aliyekosa kipokezi tangu akiwa kiinitete amekuwa na muda wote wa ukuaji wa ubongo kutafuta njia mbadala. Aliyezibiwa ukubwani hana nafasi hiyo. Majaribio yote mawili yanaweza kuwa ya kweli. Tena dawa za kuziba nazo si safi: oksitosini na vasopresini ni homoni pacha, na kemikali inayolenga kipokezi cha moja huweza kugusa cha nyingine.

Tatizo hilo linaigusa ramani yenyewe tunapohama kutoka kwa panya kwenda kwa nyani. Kwao kemikali ileile iliyotumika kuchora ramani hunasa pia kwenye kipokezi cha vasopresini. Ndiyo maana mtafiti Sara Freeman na wenzake walilazimika kutenganisha viwili hivyo kwanza. Ramani yao ya nyani aina ya rhesus, iliyotoka mwaka 2014, ilionyesha vipokezi vya oksitosini hasa kwenye njia za kuona na kuelekeza umakini. Anayetoka akumbensi ya voli moja kwa moja hadi ndoa za watu ameruka mto bila daraja. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2021 liliwapa watoto na vijana 290 wenye usonji oksitosini ya kupuliza puani au dawa bandia kwa wiki 24. Halikuona faida kwenye tabia za kijamii.

Kinachonishawishi zaidi ni kazi ya maabara ya Annaliese Beery huko Berkeley, iliyowatazama voli wasio na kipokezi wakijenga urafiki badala ya uchumba. Urafiki ulikuja, lakini kwa kuchelewa sana, na walipochanganywa na wengine hawakumng'ang'ania mwenzao. Kumbe huenda tulichokuwa tukipima vibaya ni muda na uteuzi, wakati swali letu lilikuwa "wanashikamana au hawashikamani?" Filamu ya 1992 haiwezi kuonyesha hilo, maana kila ubongo ulikatwa mara moja tu. Hata hivyo kulikuwa na dokezo ndani ya makala ileile: kwa jike wa milimani, mpangilio wa vipokezi ulibadilika ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, alipoanza kulea. Ningependa kuona watafiti wakirudi hapo, wakafuatilia saa kwa saa, kabla hatujaongeza aina nyingine ya mnyama kwenye atlasi.