Kodi ya kaboni ije Kusini? Kwanza tujue fedha zitaishia wapi

Mkulima wa korosho wa Newala au Nachingwea hahitaji semina kujua tozo ni nini. Akiuza kupitia stakabadhi ghalani, mjengeko wa bei umeshakata vyake kabla fedha haijaingia benki: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji. Kwa hiyo wachumi wakija na hoja kwamba dawa ya gesijoto, yaani hewa kama kaboni zinazoongeza joto duniani, ni kutoza kila tani ya kaboni, huku Kusini mwa Tanzania hakuna atakayeanza kwa kuuliza kama hesabu zao zimekaa sawa. Wataulizwa nani anakata, na zinakwenda wapi.

Hesabu zenyewe zina mashiko. Anayetoa moshi halipii hasara, anailipa mwingine kabisa. Mei 2024, mvua za kipindi cha kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, malori yalikwama na bidhaa zikaadimika madukani. Sisemi kimbunga kile kililetwa na bomba la moshi la kiwanda fulani. Nasema gharama za namna hiyo hazimo kwenye bei ya kawaida ya makaa ya mawe. Kodi inaziingiza, kisha inamwachia kila mzalishaji atafute mwenyewe njia nafuu ya kupunguza. Finland ilianza 1990, Sweden ikafuata 1991, na uzalishaji wa gesijoto Sweden umeshuka huku uchumi ukikua.

Marufuku haina upole huo. Chukua agizo la serikali kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuachana na kuni na mkaa. Nia ni nzuri, na misitu ya Kilwa na Liwale inaihitaji. Lakini agizo linakikuta chuo cha mjini chenye bajeti na shule ya bweni ya kijijini kwa mkono uleule, na mwalimu mkuu asiye na fedha za majiko mapya hana la kuchagua.

Ipo njia ya tatu, soko la vibali, ambalo Umoja wa Ulaya unaliendesha tangu 2005. Unawekwa ukomo wa gesijoto kwa mwaka, vibali vya kuzitoa vinapigwa mnada, asiyetosheka ananunua kwa mwenye ziada. Kwa kodi unajua bei lakini hujui moshi utapungua kiasi gani. Kwa vibali unajua kiasi, bei inacheza. Na ilicheza kweli: 2013 kibali cha tani moja kilishuka chini ya euro 5, mwaka 2023 kikavuka euro 100. Sioni hili likitufaa kwa sasa. Watoaji wetu wakubwa wa gesijoto viwandani ni wachache mno, na mnada wenye wanunuzi wachache tunaujua unavyokwenda. Oktoba 2018 wakulima waligomea bei za korosho, na mwishowe serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuleta jeshi kuzibeba.

Tubaki na kodi basi. Wanaoipinga wana hoja nzito. Mchango wa Tanzania katika gesijoto za dunia ni mdogo sana, na kodi ya mafuta haimgusi tajiri pekee. Inamkuta dereva wa bodaboda, inamkuta mwenye mashine ya kupulizia mikorosho, na kwa kuwa bidhaa nyingi zinafika Mtwara kwa lori, inapanda hadi kwenye sabuni na sukari. Ufaransa, nchi tajiri, ilisimamisha ongezeko la kodi hiyo mwaka 2018 baada ya watu wa vizibao vya njano kufunga barabara.

Hoja iliyo nzito zaidi kwangu ni ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Kwa sheria, asilimia 65 ilikuwa irudi kuendeleza zao. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaenda Hazina, na wabunge wa Kusini walipiga kelele bila mafanikio. Baadaye sehemu ilianza kurudi kwa njia ya ruzuku ya pembejeo, ni kweli. Lakini aliyekosa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, wakati ugonjwa wa ubwiriunga umeingia shambani hawezi kuambiwa tozo mpya itarudi kwake, akaamini kwa neno tu.

Upande wa pili usidharauliwe. Tangu Januari 2026 Umoja wa Ulaya unatoza kaboni iliyomo kwenye saruji, chuma, aluminiamu na mbolea zinazoingia kwake, na unapunguza kiasi ambacho mzalishaji ameshalipa kwao alikotoka. Maana yake, nchi isiyotoza inauachia Umoja huo fedha hizo. Saruji ya Mtwara haiendi Ulaya, hivyo bado hatubanwi. Ila ifahamike kwamba kiwanda cha saruji kuchoma gesi asilia hakimalizi tatizo: mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa hutoa kaboni, na hiyo ndiyo sehemu kubwa zaidi.

Gesi nayo ina mambo yake. Ikichomwa kuzalisha umeme hutoa takriban nusu ya kaboni ya makaa ya mawe. Ikivuja bila kuchomwa ni metheni karibu yote, ambayo kwa miaka 20 inapasha joto zaidi ya mara 80 ya kaboni. Ulaya ilipitisha sheria mwaka 2024 inayowabana hata waagizaji wa gesi kuhusu uvujaji. Mradi wa kusindika gesi wa Likong'o, Lindi, unaojadiliwa kwa zaidi ya miaka kumi, utakutana na wanunuzi wa aina hiyo. Hapa sihitaji kodi. Nahitaji kanuni, vipimo na mkaguzi anayefika visimani.

Kuna jambo huwachanganya wengi. Mama lishe wa sokoni Mtwara aliyeacha mkaa wa kopo na kununua mtungi wa kilo 6 hapiki kwa gesi asilia inayochimbwa Msimbati, Mtwara. Ya mtungi ni ya aina nyingine, inaletwa na meli kutoka nje. Ya kwetu inahitaji bomba hadi jikoni, na nyumba zilizounganishwa Mtwara na Lindi ni chache, huku bomba kubwa likiipeleka Dar es Salaam tangu 2015.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kodi ya mafuta kwa wote, hapana kwa sasa. Kodi ndogo kwa viwanda na mitambo mikubwa, ndiyo, ikianza kwa msamaha mpana kama Afrika Kusini, iliyoanza 2019 kwa kuacha asilimia 60 ya gesijoto bila kutozwa. Mgawo wa halmashauri za Mtwara, Lindi na Kilwa uandikwe ndani ya sheria yenyewe, uelekezwe kwenye mabomba ya majumbani na majiko ya shule, na taarifa yake ibandikwe ofisi ya kata kila robo mwaka. Mgawo ukiachwa kwenye kanuni za waziri, wabunge wetu waupigie kura ya hapana.