Kola Iliyosimama

Jumamosi nimerudishwa mlangoni kwa sababu ya shingo. Si deni, si ulevi, si kelele. Shingo. Uwanja wenyewe wa gofu siutaji kwa kuwa nataka kurudi, tena aliyeniandikisha kama mgeni wake ni shemeji yangu, na shemeji ukimwaibisha Jumamosi atakukumbusha mpaka Idi.

Nami nilikuwa nimejitayarisha, jamani. Joto hili la Machi mnalijua, feni inapuliza uji. Nikatoa shati langu jeupe la kitani, limepigwa pasi mbele na nyuma, lenye kola ile ya kusimama tuliyokuwa tukiiita kola ya Kichina. Shati la heshima. Nimeendea posa nalo mara mbili, na mara zote mbili tulikubaliwa.

Kijana wa mezani akaniamkia, "Shikamoo mzee," nikaitikia marahaba, kisha akanitazama shingoni kama daktari anayetafuta tezi.

"Samahani mzee wangu. Shati halina kola."

Nikaishika kwa vidole viwili. "Na hii ni nini, mwanangu?"

"Hiyo imesimama, mzee. Kola ni ile inayolala."

Lo! Sisi tuliolelewa Mji wa Kale tulifunzwa kwamba mkubwa akiingia, unasimama. Anayelala mbele za watu ni mgonjwa au maiti. Leo naambiwa iliyolala ndiyo yenye adabu na iliyosimama ndiyo mhuni!

"Nikiilaza je?"

"Ukiilaza, mzee, tutaangalia."

Nikailaza. Kola ya kusimama ukiilaza ni kama mtoto unayemlaza mchana: unamtuliza upande huu, anainuka upande ule. Nikaibana kwa kidevu. Nikasimama pale, kidevu kimeganda kifuani, namzungumzisha kijana kwa macho ya juu, na nyuma yangu foleni imeshaanza. Akaitwa mkubwa wake, bwana mwenye bunda la funguo kiunoni. Akanizunguka mara moja, taratibu, kama anayekagua mbuzi wa kuchinja.

"Kola ni pande mbili," akasema. "Kulia na kushoto. Hii ni moja imezunguka."

"Na kanzu je, bwana? Haina kola hata nusu. Tunaozeshea watoto, tunazikia wazazi, na harusini hakuna aliyewahi kunishika shingo."

"Kanzu ni vazi la heshima, mzee. Lakini si la gofu."

Nikataka kumwambia kwamba hapo ameshanijibia kesi yangu, ila akapita bwana mmoja mwenye suruali ya njano iliyochorwa mananasi. Si mananasi hivi hivi: kila nanasi lilivaa miwani ya jua. Kijana akamsimamia, mwenye funguo akamfungulia mlango. Nikamtazama shingoni. Kola yake ilikuwa imelala fofofo.

Basi nikaazimwa shati kutoka droo ya vilivyosahauliwa. La watu watatu. Na ni lazima lichomekewe, sheria ndiyo hiyo. Nikachomekea, nikachomekea, mpaka ncha yake ikachungulia chini ya kaptura, upande wa goti. Kaptura nayo ilikuwa imepona kwa bahati tu, maana wenye mifuko ile mikubwa ya ubavuni walikuwa wakirudishwa. Mfukoni waogopa nitie nini, mashimo?

Kifuani mwa shati la kuazima palikuwa na mamba. Mamba huyo alianzia kwa René Lacoste, Mfaransa mcheza tenisi, miaka ya 1920. Naam, tenisi. Yaani hata vazi la gofu lenyewe limeazimwa kwa jirani, na mimi nikaliazima mara ya pili. Na Mfaransa yule alishonesha fulana ile laini ya mikono mifupi kwa sababu alichoshwa na mashati magumu ya mikono mirefu ambayo wachezaji wa zamani walitokea nayo jasho. Alikimbia joto, maskini. Angejua kwamba miaka mia baadaye kuna mtu Mombasa analoa ndani ya uvumbuzi wake kwa amri.

Shemeji hakusema neno. Alikuwa akizivua fimbo zake kofia.

Sitanii. Fimbo za shemeji zina kofia za sufi, zimefumwa, tena zina kishada juu. Kaskazi imekata, kunguru wametanua midomo kwa kiu, na vyuma vimevaa sufi! Ana fimbo 14, kwa kuwa sheria yasema zisizidi 14. Haisemi zisipungue, alhamdulillahi, kwa maana zangu ni saba, nilizinunua Kongowea kwa shilingi 4,500 pamoja na mfuko, na moja ni ya mkono wa kushoto. Muuzaji aliniambia nitazoea. Kila fimbo ina mlalo wake, ati: namba ndogo uso wake umesimama, mpira unakwenda chini na mbali, namba kubwa uso umelala, mpira unapanda juu na kuanguka karibu. Mnaona? Hata kwenye fimbo, iliyosimama ndiyo inayofika mbali. Nikamwambia shemeji twende tukamweleze yule wa funguo. Akakataa.

Draiva yake, ile fimbo kubwa ya kupigia mbali, ina kichwa cha ukubwa wa mwisho unaoruhusiwa, sentimita za ujazo 460, yaani karibu sawa na pakiti ya maziwa ya nusu lita iliyotiwa mpini. Hiyo ukiikosea mpira ni kwa kutaka mwenyewe. Draiva yangu mimi ni kama madereva wengine wa hapa mjini, kunyooka haijui, na ikikata kona haitoi ishara. Na ile ndogo ya kumalizia wanaiita pata. Pata! Shimo lina upana wa milimita 108, mpira una 42.67, mipira miwili yaweza kuingia imeshikana mikono, na mmoja wangu ulizunguka ukingoni, ukachungulia, ukaondoka.

Nilicheza vipi? Nilitembea sana. Mpira mmoja alichukua kunguru, na nadhani ndio uliokwenda mbali zaidi.

Lakini niwaulize. Mtu ana karo ya watoto watatu, ana maji ya mkokoteni, ana mwenye nyumba anayepiga simu tarehe 28 kuuliza hali yako, hali yangu wewe inakuhusu nini tarehe 28? Wiki nzima ana saa tatu za kujipumzisha, saa tatu tu, na moja katika hizo anaimaliza amebana kidevu! Nimechoka mimi. Wallahi nimechoka.

Kurudi, mwenye tuktuk aliutazama mfuko akasema huyu naye analipa.

Jumatatu nikalipeleka shati langu kwa fundi, Mwembe Tayari, ailaze kola. Akaligeuza, akalipima kwa shubiri, akasema kola ya kulala yataka kitambaa zaidi, na kitambaa kama hiki hana. Nikamwambia akate mkiani, nani anauona mkia. Akakata hapo hapo. Nimefika nyumbani, nimeshavua viatu, ndipo nikakumbuka kwamba lazima lichomekewe.

Nikampigia. Akasema nisiwe na wasiwasi, nije Alhamisi. Sikumuuliza Alhamisi gani.