Pevingi ukuta hadi ukuta, na maji ya masika yaende wapi?

Nyumba nyingi mpya za Dar es Salaam humaliziwa kwa uamuzi uleule: uani kote pawekwe pevingi, yaani vitofali vya zege vya kutandaza chini, kuanzia mlango wa jikoni hadi ukuta wa jirani. Wanaopinga wanataka ukoka na miti. Kila upande una hoja nzito, ila ubishi huishia kwenye urembo, wakati kinachopaswa kuamua ni maji na aina ya udongo ulio chini.

Wa pevingi wana haki yao. Uani ni mahali pa kazi: hapo watu hufua, huanika, hupika penye shughuli, na mara nyingi ndipo gari linapolala. Udongo mtupu ni tope Machi hadi Mei, halafu ni vumbi. Ukoka nao una gharama zake. Kiangazi huhitaji kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki. Kwa uani wa mita za mraba 100 hizo ni lita 2,500, yaani simtanki la lita 2,000 halitoshi hata wiki moja. Na chini ya mwembe wenye kivuli kizito ukoka wa kawaida hukonda kwa kukosa jua, hata ukiumwagilia vipi.

Lakini fanya na hesabu ya mvua. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Siku ya masika ikileta milimita 50, uani wa mita 100 unapokea lita 5,000, na paa la bati la mita za mraba 120 linaongeza lita 6,000. Mianya kati ya pevingi, yenye upana wa milimita 2 hadi 5, hunywa kidogo zikiwa mpya. Baada ya muda udongo laini huiziba na karibu maji yote hutiririka juu. Yataingia jikoni, yatachimba msingi wa ukuta, au yatamwendea jirani. Katika viwanja vya mchanga kama vingi vya Kigamboni, ardhi ingeyameza bila gharama, kwa hiyo kuifunika yote ni kujitafutia kazi.

Penye mfinyanzi hoja ya ukoka hupungua nguvu. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande, lijaze maji, yakiisha lijaze tena, kisha pima yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita moja au mbili, usitegemee bustani wala shimo la kunyonya maji ya mvua; hapo unahitaji mfereji wa kuyatoa, uweke pevingi au usiweke.

Kwa maoni yetu, kuziba uani wote wa mita 100 hakuna sababu. Mita 60 zinatosha kwa eneo la jikoni, kamba za nguo na njia ya gari. Zilizobaki ziwe ukanda wa udongo kandokando ya ukuta, upande ambao maji yanaelekea, na duara la angalau mita moja kuzunguka kila mti. Mizizi ikibanwa huinua pevingi.

Kwa mita hizo 60, pevingi za sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa kila mita ya mraba: 3,000, na 150 za ziada kwa zitakazokatwa na kuvunjika. Unene wa milimita 60 unabeba watu na gari dogo. Lori la maji likiingia, chukua za milimita 80. Chini yake, moramu (udongo wa changarawe) ya sentimita 15 iliyoshindiliwa ni mita za ujazo 9, na kwa kuwa hupungua ikishindiliwa, agiza 11 au 12. Ishindilie kwa matabaka mawili, ikiwa na unyevu, kwa kompakta, mashine ya kushindilia. Juu yake mchanga wa sentimita 4, basi.

Hapo kwenye mchanga ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi akiona moramu ina mabonde huyasawazisha kwa mchanga, sehemu nyingine sentimita 10. Siku ya makabidhiano uso unapendeza; baada ya masika moja matairi yameacha mifereji miwili, kwa sababu mchanga mnene hujipanga upya ukilowa na kukandamizwa. Ukingo nao ukiachwa bila zege, pevingi husogea nje, mianya hupanuka na mchanga huoshwa. Kwenye njia ya gari mpangilio wa mifupa ya samaki hushikana kuliko mistari iliyonyooka.

Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, kuondoka nyumbani. Uso wa pevingi ukae sentimita 15 chini ya tabaka la kuzuia unyevu kwenye msingi, vinginevyo plasta ya chini itaanza kubanduka. Mifuniko ya chemba na shimo la majitaka ibaki wazi, na gari lisipite juu yake. Tumeona watu wakivunja pevingi mpya kutafuta mfuniko gari la kunyonya majitaka lilipofika. Na kagua pevingi zenyewe kabla hazijashushwa: msumari ukichimba kwa urahisi, saruji ni haba au hazijakomaa. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa kwa siku kama 28, na kuna wanaouza za siku tatu.

Kabla ya kumaliza malipo, fungulia bomba la maji kwa dakika kumi upande wa juu wa uani, kisha subiri nusu saa. Pale maji yatakapokuwa bado yametuama, fundi ang'oe na apange upya.