Ugomvi wa ndoa redioni ndio taarifa ya habari

Kuna watu wakijua unasikiliza ugomvi wa mume na mke redioni kila asubuhi, wanakutazama kama umefumwa ukichungulia dirisha la jirani. Aibu hiyo nimeishi nayo miaka. Mtu akiniuliza kazini nimesikia nini asubuhi, nilikuwa najibu "habari tu," naendelea na chai yangu. Sasa umri umesogea na aibu imeniishia. Nasema wazi: vipindi vile navipenda, na mambo ya nchi hii nimeyajulia mle kuliko kwenye taarifa ya saa moja.

Kwa msomaji asiyeishi Kenya, mambo huwa hivi. Tangu saa kumi na mbili alfajiri mpaka saa nne, stesheni nyingi za Kiswahili huweka watangazaji wawili, mmoja wa kuuliza na mwenzake wa kuchekesha. Vichwa vya magazeti vitasomwa, msongamano wa Thika Road ya Nairobi utatangazwa hadi kwetu Mtwapa, huku pwani, ambako hautusaidii kitu, kisha simu zinafunguliwa. Mwanamume ameandika ujumbe: mke wangu ameondoka na watoto, naomba mnisaidie arudi. Mke anatafutwa kwa simu, na hapo matatu nzima, basi dogo la abiria tunalosikilizia, inanyamaza. Radio Jambo wana chao kinachoitwa Patanisho, nacho kimevuma sana, lakini mtindo wenyewe umeenea hata nje ya redio kubwa za Nairobi. Na usidhani redio imekufa. Sensa ya 2019 ilikuta asilimia 56.9 ya nyumba zina redio ya kawaida, bila kuhesabu tunaosikilizia kwenye simu na garini.

Walalamishi wana neno moja: upuuzi. Nchi ina madeni, zahanati hazina dawa, na sisi tunajadili nani kamfuma nani. Haya, lakini hao wanaogombana wanagombania nini? Kaa usikilize mpaka mwisho. Mapenzi hutajwa dakika ya kwanza na dakika ya mwisho. Katikati pale ni kodi ya nyumba, ada ya shule, gesi iliyoisha na mkopo ambao mmoja hakumwambia mwenzake.

Kuna simu moja sijaisahau. Mke alikuwa amerudi kwao kwa sababu, alisema, mumewe ana mwanamke nje. Ushahidi? Alimtumia shilingi mia tano kwa M-Pesa anunue mboga na mafuta ya taa. Aliporudi nyumbani hakukuta mboga wala mafuta, na mume anaapa kwamba pesa hiyo hakuitumia kitu. Studio ikaangua kicheko. Yule wa kuchekesha akasema mia tano hiyo imeliwa nyama choma na mwenyewe anajua na nani. Mimi nilijua ilikokwenda, na nadhani wasikilizaji wengi walijua. Fuliza, mkopo wa M-Pesa ulioanza Januari 2019, hukuruhusu kutuma pesa usizokuwa nazo, na siku pesa yoyote ikiingia kwenye laini yako, deni hukatwa kwanza. Yule bwana alikuwa anadaiwa. Aliona haya kutamka mbele ya watu kwamba amekopa hata nauli, akanyamaza, akakubali kuitwa mzinzi, jina ambalo kwetu halimvui mwanamume nguo kama ufukara.

Msimu wa unga nao ulikuwa na simu zake. Katikati ya 2022 pakiti ya kilo mbili ilipita shilingi 200, mpaka Julai, wiki chache kabla ya uchaguzi, Rais Kenyatta akatangaza iuzwe 100. Siku hizo nilisikia mume akishtaki kwamba mkewe kampelekea mamake pakiti mbili za unga bila kumwambia. Pakiti mbili! Mwaka mwingine wowote mtu angeona haya kulitaja jambo hilo.

Halafu kuna simu za Saudia. Kule na huku saa zetu ni moja, kwa hiyo dada anayefanya kazi za nyumba Dammam anakisikia kipindi kupitia intaneti wakati uleule tunaokisikia sisi, waya sikioni na mikono kwenye sinki. Pwani hii ni kazi kupata mtaa ambao hauna mtu Saudia. Dada anaomba studio imuulize mumewe jambo moja: ile nyumba imefika wapi? Ametuma pesa miaka miwili, mkataba unakaribia kwisha, na kila akiuliza anatumiwa picha za mawe. Mume anashika simu, anasema nyumba imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Mtangazaji, mjanja, anaomba apewe jirani. Jirani anasema pale pana msingi, na msingi wenyewe umeota majani. Watu wakacheka mpaka wakakohoa. Mimi nami nilicheka, sitajifanya mtakatifu. Lakini kwenye hotuba fedha zinazotumwa na Wakenya walio nje hutajwa kwa fahari, na sijasikia hotuba hata moja ikieleza zinafika mikononi mwa nani na zinageuka kuwa kitu gani. Kipindi cha ugomvi kilinieleza kwa dakika saba.

Sisi watu wa pwani hatukuanza leo kuipitisha siasa kwa mlango wa mapenzi. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, aliwapiga watawala mafumbo miaka ya mwanzo ya karne ya 19, mengine ukiyasoma haraka utadhani anamnung'unikia mwanamke. Na taarabu je? Na maneno ya leso? Mtu anayepiga simu redioni kusema mke kaondoka yumo katika njia hiyohiyo, ila yeye hajui kuwa amefumba, na studio haijui kuwa inapaswa kufumbua.

Hapo ndipo penye lawama yangu. Tatizo la vipindi hivi ni kicheko. Huja mahali palepale kila siku: mtu akikaribia kusema jambo lenyewe, mtangazaji anapasua utani, kinapigwa kile kicheko cha mashine, wimbo unaingia.

Haikuwa hivi siku zote. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town hapa Mombasa, alianza kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?" mwaka 1966, akaendelea nacho zaidi ya nusu karne. Alifariki Februari 2025. Wengi walimlilia wakikumbuka tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walipomtoa nyumbani alfajiri na kumlazimisha atangaze kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba imerudi. Mimi hukumbuka zaidi swali lake. Alichukua mambo madogo, ya mezani, ya mgeni na mwenyeji, ya mtu na mwenzake, akayaeleza kwa sauti ya kutuna kidogo, kisha akauliza: je, huu ni ungwana? Swali likabaki linaning'inia, baba na watoto wakitazamana.

Na fikiria neno lenyewe. Muungwana, kabla halijawa neno la adabu, alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Frere Town ilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na ukoo wa Mbotela unatokana na watu hao. Ndiye aliyekuwa akituuliza sote, mabwana na watumwa wa jana, nani hasa ni muungwana. Sijui kama alikusudia. Mimi nimechelewa kuliona hilo, na tangu nilione siwezi kuusikia mlio wa kipindi kile kama zamani.

Nawaelewa watangazaji wa leo wanapokimbilia utani. Wameona. Jirani zetu wa Kampala walikuwa na ebimeeza, watu wanakusanyika mahali wanabishana siasa na redio inarusha moja kwa moja (neno lenyewe limetoka kwenye meza yetu hii ya Kiswahili). Septemba 2009, baada ya ghasia za Buganda, serikali ikazipiga marufuku, na CBS, redio ya Buganda, ikazimwa zaidi ya mwaka mzima. Kwetu, Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, alipelekwa hadi mahakama ya kimataifa ya The Hague kwa ghasia zilizotokea baada ya uchaguzi wa 2007, na kesi yake ikavunjwa 2016 tu. Ukiwa na maikrofoni mbele yako na hayo kichwani, ndoa ya mtu ni pahali salama pa kusimama.

Moja siwezi kulitetea. Mtu anayepigiwa simu hajaomba. Yuko sokoni anapanga nyanya, simu inalia, na kabla hajajua nani anaongea naye, ndoa yake iko hewani na mtoto wake atayakuta maneno shuleni. Aliyeandika ujumbe amejitolea. Huyu wa pili amekamatwa tu. Tena kuna simu za kupangwa, hilo kila msikilizaji mzoefu analijua: sauti ya mume wa Jumanne utaikuta mwezi ujao ni ya mchepuko.

Lakini naamini yawezekana kufanya vizuri, kwa sababu nimesikia ikifanywa. Ilikuwa wiki ile ya Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni tarehe 25 kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Mjadala wa wiki ile haukuwa redioni. Vijana walikuwa nao kwenye mtandao wa X, maelfu kwa maelfu, usiku kucha, na redio ziliukuta asubuhi umekwisha pikwa. Katika kipindi cha ugomvi akapiga simu baba mmoja wa Kisauni. Hakuwa na shida na mke. Binti yake, mwanafunzi wa chuo, alikwenda kuandamana Moi Avenue bila ruhusa yake, na tangu siku hiyo hawasemezani. Binti akapigiwa. Akasema, "Baba, si wewe ndiye uliyeniambia ada huna?"

Kimya. Nilisubiri kicheko cha mashine, hakikuja. Yule wa kuchekesha, ambaye mimi nilikuwa nimeshamtupa kapuni, akauliza taratibu, "Mzee, siku ile ulikuwa unaogopa nini hasa?" Mzee akaeleza. Alieleza ghasia za 1997, Likoni, alizoziona akiwa kijana. Wimbo ulichelewa kuingia karibu dakika kumi, na sijui aliyeruhusu hilo studio alipewa onyo au mkono wa pongezi.

Nimalizie na iliyonifanya niandike haya, ingawa ni ya zamani. Agosti 2019. Nilikuwa karani katika ofisi ya kupitisha mizigo bandarini, kliaringi kama tunavyosema, na kila alfajiri nilipanda matatu Mtwapa kuingia mjini. Mwezi huo lilikuwa limetoka agizo kwamba makontena yote yanayokwenda Nairobi na bara yapande reli mpya ya SGR badala ya matrela. Mji ulikuwa umechafuka, kila Jumatatu maandamano. Agizo lilisitishwa baada ya kelele, ila kazini kwetu tulikuwa tunaona makaratasi, na makaratasi yalikuwa yanakwenda relini.

Redioni akaingia utingo wa trela kutoka Mariakani. Mkewe amerudi kwao Kaloleni na watoto wawili. Mke akapatikana, mkali kweli. Akasema miezi miwili hajaachiwa hata ya mboga. Tena, "siku hizi anashinda nyumbani mchana kutwa. Mwanamume gani anashinda ndani kama mimi?"

"Anakusaidia kupika?" akauliza mtangazaji.

Yule utingo akasema, kwa sauti ya chini, "Trela limesimama, ndugu yangu."

"Trela limesimama, na wewe je, husimami?"

Basi. Kicheko, honi ya mashine, tangazo la kamari. Hata makanga, kondakta wa matatu yetu, alicheka, akapiga bodi ya gari kwa kiganja.

Nyuma yangu alikaa mzee wa kofia ya kiua, amepakata mfuko wa nazi. Yeye hakucheka. Aliinama mbele, akauliza kama vile utingo yule yuko kiti cha mbele anamsikia: "Limesimama tangu lini?"

Makanga akageuka. "La kakangu limesimama tangu Juni, mzee. Yuko palepale Mariakani."

Mama mmoja akadakia kwamba dadake ana mkahawa pale, alikuwa akisonga ugali wa madereva mara tatu kwa siku, sasa anasonga mara moja na unabaki. Mtu akasema reli ni maendeleo. Mtu akamjibu maendeleo ya nani. Mimi, kwa kujifanya mjuzi, nikataja jinsi makaratasi yanavyokwenda, na mzee akanishika bega: "Mwanangu, kwa hiyo nyinyi mlioko ofisini mlijua?" Sikuwa na jibu zuri. Nilisema tulijua nusunusu.

Tulibishana Shanzu, Bamburi, hadi Kongowea, mzee akashuka na nazi zake, bado anasema, akaendelea kusema dirishani mpaka gari likaondoka. Redio dereva alikuwa ameizima zamani, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza kama yule mke alikubali kurudi.