Mpwa Wangu Kaja na Mfereji

Mimi ni nahodha. Cheti cha kutundika ukutani sina, ila nina mashua ya futi ishirini na nane, mashine ya nguvu ya farasi kumi na tano ambayo huwaka ikijisikia, na baharia mmoja ambaye kazi yake kubwa ni kuniuliza tutakula nini. Miaka yote abiria wangu walikuwa na swali moja tu: "Tutafika lini?" Siku hizi wanapanda na swali jipya: "Leo mada ni nini?"

Mada! Bagamoyo hii sisi tunajua madafu.

Chanzo cha yote ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Alikaa Amsterdam miezi minane, akarudi na koti zito ambalo hapa halina kazi hata ya kufunikia vitumbua, na wazo zito kuliko koti.

"Mjomba," akaniambia, "wenzetu kule wana mifereji. Wanapitisha watu kwa boti katikati ya mji wa kale, na kila boti na mada yake. Kuna ya jibini na mvinyo, kuna ya wapendanao na mishumaa, kuna ya historia. Mtu analipa hela nzima azungushwe kwenye mfereji."

Nikamwambia, mwanangu, huku kwetu mtu akionekana kwenye mfereji ujue kaanguka, na majirani wanakuja na kamba, hawaji na hela.

Akatoa simu, akanionyesha. Ni kweli mji umekaa vizuri. Mifereji zaidi ya kilomita 100, madaraja zaidi ya elfu moja, na ile pete ya mifereji mikubwa waliichimba tangu karne ya 17, UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2010. Mimi nikayatazama yale maji kwa jicho la kazi. Maji hayatikisiki! Nikauliza, yanakupwa saa ngapi? Mpwa akacheka. Hayakupwi. Kuna milango, watu wanaifungua na kuifunga, maji yanabaki kimo kile kile asubuhi na jioni, kama kuku waliofungiwa bandani.

Sasa huyo anayeendesha boti kule, nikamuuliza, anangoja nini kabla ya kuondoka? Akasema anatazama saa. Basi huyo si nahodha, huyo ni dereva wa daladala aliyelowa.

Kitu kimoja tu cha kule kilinigusa. Kila mwaka wanaopoa baiskeli kwa maelfu kutoka chini ya ile mifereji, wana chombo maalumu chenye makucha ya kuzizolea. Baharia wangu aliposikia hivyo akaweka sahani chini, akauliza nauli ya kwenda ni kiasi gani.

Lakini mpwa alishaamua. Akasema hata sisi tuna mji wa kale: Caravanserai, Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, na tulikuwa makao makuu ya koloni lao kabla hawajahamia Dar es Salaam mwaka 1891. Sikatai. Tatizo ni kwamba mji wetu wa kale uko nchi kavu na mashua iko majini. Nyumba za Amsterdam zimesimama ukingoni kabisa, mtu ndani ya boti anaweza kumwomba mwenye nyumba chumvi. Mimi nikimpeleka mgeni baharini anaona minazi, bati, na pengine kona ya Boma kama macho yake ni mazima. Vitu hivyo hivyo angeviona kwa kutembea, bure, bila kukunja suruali.

Maana gati la kupandia abiria pale kwangu halipo. Unakunja suruali, unaingia majini, unashikwa mkono, unavutwa ndani kama jodari. Mpwa kaandika kwenye tangazo: "Karibu kwenye kituo chetu." Kituo chenyewe ni mimi, nimesimama maji ya kiunoni.

Akaniletea na sare. Fulana ya mistari na kofia ya ukili yenye utepe, ati ndivyo wavaavyo waendesha gondola, mitumbwi ya kule Venice. Nikamwambia Venice na Amsterdam ziko nchi mbili. Akasema mgeni hatojua. Nikapita soko la samaki na ile fulana, mama mmoja wa kukaanga samaki akaniita kwa huruma kabisa: "Nahodha, wamekuachia lini?"

Na mashua yangu ilikuwa inaitwa Subira. Kaifuta. Kaandika "Amsterdam" kwa rangi ya machungwa, herufi kubwa mno, ubao ukaisha kabla ya jina. Hivi sasa natembeza chombo kinachoitwa Amsterda.

Tukaanza na mada ya Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Kizungu. Mpwa alikuwa na maigizo yote kichwani: baharia awe marehemu, azungushiwe jamvi alale katikati ya mashua; mimi niwe Chuma, yeye awe Susi, wale watumishi wa Livingstone; Susi ndiye atakayesimulia. Nikauliza malipo ya Chuma ni kiasi gani. Akasema, mjomba, hii ni historia.

Haya, tuifuate historia basi. Livingstone alifia Chitambo, siku hizi ni Zambia, Mei 1873. Chuma, Susi na wenzao wakauzika moyo wake kule chini ya mti, mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu karibu miezi tisa mpaka hapa Bagamoyo, Februari 1874. Ukalala usiku mmoja pale misheni kwa mapadri. Kisha meli ikaja, mwili ukavuka Zanzibar, ukafika London, Aprili ukazikwa Westminster Abbey kwa heshima zote. Chuma na Susi je? Mazishi hayakuwangoja. Uingereza walikuja kufika baadaye, shughuli imekwisha. Hapo nikaelewa kwa nini nafasi ya Chuma nimepewa mimi: petroli nimeweka mimi, nauli imeingia kwenye simu ya Susi.

Marehemu naye alikuwa kalala kweli. Tumefika mahali pa huzuni, mpwa kashusha sauti, wageni wameinamisha vichwa, na ndani ya jamvi mtu anakoroma kama mashine ya kusaga. Mara mashine yangu ikazima, upepo unatusukumia kwenye mitego ya watu. Ningefanyaje? Nikapiga kelele: "Livingstone! Shika pondo!" Marehemu akainuka na jamvi lake. Mama mmoja wa Kijerumani alipiga ukelele ambao nina hakika Unguja waliusikia.

Wiki iliyofuata tangazo likasema: Machweo Baharini kwa Wapendanao. Hapa naomba mtu yeyote aliyewahi kuamka mapema Bagamoyo anisaidie. Jua letu linatokea wapi? Baharini, upande wa Unguja. Linazama wapi? Nyuma ya mji, huko bara, minazini. Hivyo ndivyo lilivyopangwa, na aliyepanga hakuomba ushauri wa mpwa wangu. Akaja kijana na mchumba wake kutoka Dar, wamependeza, suruali nyeupe, gauni jekundu, wakakaa wanatazama bahari wakingoja jua. Wakangoja. Mbele yao kiza kinaingia, nyuma yao jua linaaga bila shahidi. Mishumaa niliiwasha mara sita, upepo wa kusi ukaizima mara saba. Kijana alipoona muda unakwenda akapiga goti hivyo hivyo, atoe pete. Akapiga goti kwenye ngama, yale maji machafu yanayotuama chini ya mashua. Nami asubuhi yake nilikuwa nimebeba dagaa. Binti akamtazama kwa mapenzi, nathibitisha, nilikuwa pale usukanini, akamwambia: "Nimekubali, lakini inuka kwanza, unanuka."

Ile ya jibini na mvinyo, tuliyoibadilisha ikawa pweza na mihogo, siisimulii. Kulikuwa na wimbi. Baharia alifua chombo siku mbili.

Nikadhani yameisha. Akaja na Kaole.

Kaole mnaijua: magofu, msikiti wa karne ya 13, makaburi yenye nguzo, kisima cha maji matamu karibu na bahari ya chumvi. Ilikuwa bandari. Mchanga na tope vikaijaza, mikoko ikamea, vyombo vikashindwa kuingia, biashara ikahamia Bagamoyo. Yaani watu wazima wenye akili zao, manahodha wa majahazi, waliitazama ile hori, ule mkono wa bahari unaoingia mikokoni, wakasema hapana, tuhame. Mpwa wangu kaandika: "Ingia Kaole kwa boti kama wafanyabiashara wa kale!" Kuondoka saa mbili kamili asubuhi, Jumamosi.

Nikamwambia, Jumamosi ni mwezi mpevu. Ni bamvua. Maji yanajaa alfajiri, kisha yanaondoka kama mtu aliyeitwa na polisi. Ikifika saa nne yako kule utadhani hayarudi tena. Kama ni kwenda, tuondoke saa kumi na moja kabla ya jua. Akasema wageni wanakuwa hawajanywa chai. Akasema kule boti zinafuata saa. Nikamwambia saa ya mkononi haijawahi kuuona mwezi. Akaandika kitu kwenye simu, nadhani alikuwa ananiandika mimi.

Tukaondoka saa mbili na nusu, maana kulikuwa na mtu amesahau miwani. Wageni wanane. Tukaingia kwenye mikoko, wakapiga picha ya ndege, wakapiga picha ya mzizi, wakapiga picha ya kaa, kaa akaondoka, wakasubiri arudi. Saa tatu na robo nikasikia chini ya mashua ule mlio ninaoujua tangu utoto. Mmh. Tumekaa.

Mpwa akachungulia, akaniuliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu wa kumpigia simu. Nikamwambia yupo, ila namba yake haipatikani mpaka saa sita. Akasema anakwenda kutafuta mtandao. Akashuka, tope likamla mpaka magotini, akatokomea mikokoni na kiatu kimoja. Akaniachia wageni wanane, jua, na baharia ambaye tayari alikuwa ananiuliza tutakula nini.

Saa tatu hizo, ndugu zangu, nililalamika. Sikuwa na la kufanya lingine. Nililalamikia mashine, nikalalamikia bei ya petroli, nikalalamikia mke wangu aliyekopa kikoba kwa jina langu akanunua friji, na friji lenyewe linagandisha kila kitu isipokuwa barafu. Baharia akawa anatafsiri. Sijui alikuwa anasema nini, kwa sababu mimi nasema maneno matatu yeye anasema kumi na matano, na watu wanashika mbavu. Watoto wakaja wakitembea juu ya tope kama wako sebuleni, wana madafu. Hatimaye mada ikapatikana.

Na kulikuwa na mzee wa Kiholanzi pale. Nikamwuliza kupitia baharia anatoka wapi. Amsterdam! Dirisha la jikoni kwake linatazama mfereji. Nikamwuliza zile boti zenye mada umeshapanda ngapi? Akasema hata moja, miaka thelathini. Zinampigia kelele tu. Akanywa dafu la pili, akanyoosha miguu juu ya benchi langu, akalala.

Maji yakarudi saa sita na dakika kadhaa, mashua ikajitikisa, tukatoka. Nikajua sasa ndiyo mwisho, watadai hela zao. Wakampa mpwa wangu nyota tano. Wote wanane. Mmoja akaandika kwamba hajawahi kupumzika hivyo tangu aolewe.

Mnadhani mpwa alikuja kuniomba radhi? Alikuja na tangazo jipya: "Ziara ya Kukwama Kaole. Saa tatu za utulivu ndani ya mikoko." Bei mara mbili. Jumamosi inayofuata, kukwama saa tatu na robo kamili.

Nikakaa naye kitako, kwa upole kabisa, kama anavyopaswa kukaa mjomba. Nikamwambia, baba, Jumamosi ijayo ni maji mafu. Wiki moja baada ya mwezi mpevu bahari haitoki sana, na saa zenyewe zimesogea, kila siku zinachelewa kama dakika hamsini. Saa tatu ile iliyokuwa kavu wiki hii, wiki ijayo maji yanajaa. Akasema, "Mjomba, wewe ndiye mtaalamu wa kukwama. Nakuamini."

Basi Jumamosi wakaja kumi. Tukaingia horini, maji yamejaa mpaka majani ya mikoko yanaogelea. Nikapita pale pale penye tope la wiki iliyopita, tukapita juu yake kama tumo ndani ya ndege. Nikageuza, nikapita tena. Nikajibana kwenye mizizi, mashua ikateleza ikatoka. Baharia akaruka chini asukume kuelekea kwenye kina kifupi. Akazama mpaka shingoni, akauliza, akiwa humo humo, kama chakula kimo kwenye nauli. Mpwa ananinong'oneza sikioni, "Mjomba, jitahidi." Miaka yangu yote baharini nimeomba dua chombo kisikwame, sasa nakisihi kikwame, nacho kinaelea kama bata.

Mama mmoja akatazama saa yake, akamgeukia baharia kwa adabu, akauliza: "Samahani, tunakwama lini?"

Nusu ya nauli imerudishwa. Petroli ni yangu. Jana usiku mpwa kaniandikia ujumbe kwamba sikujituma, na kwamba Jumatano ana kundi la watu kumi na wawili, nihakikishe mapema tope lipo.